Wakili wa Ng'ombe: Maisha ya Mheshimiwa Elkana Pekeshe Bule, 1953–2025

Mchungaji, wazee wa kanisa, masheikhe na wazee wetu wa Orma mliokaa upande wa kivuli, waheshimiwa mliotoka Hola na Nairobi, jamaa, majirani, na nyote mliofika hapa Hewani leo Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, familia inawasalimu na inawaomba mtulie kidogo, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko ile iliyochapwa kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni, ile ina ukurasa mmoja na picha, hii ina zaidi, na anayesoma ni Maurine, kitinda mimba wa marehemu, ambaye amemwachia mama mchungaji mtoto ili asome mpaka mwisho bila kukatizwa, Mungu akipenda, na ninyi mkipenda.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Aprili 1953, hapa hapa Hewani, mtoto wa nne wa mzee Bule na mama Yudita, mwaka ambao mto ulijaa mapema ukaingia majumbani, na bibi Yudita alikuwa akisimulia kwamba alijifungua juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa vinu viwili, maji yakipita chini yake, na mkunga akimhimiza, "Sukuma mama, huyu akichelewa atatoka kambare," na alipotoka akalia kwa sauti ambayo ilisikika hadi ng'ambo, hivyo watu wakasema tangu siku ile kwamba huyu atakuwa mtu wa maneno. Katika watoto wanne waliobaki hai ni wawili, yeye na dada yake ambaye naye ametutangulia, na marehemu alibatizwa Ngao mwaka 1954, akakua akifukuza ndege kwenye mpunga na kumsaidia baba yake kupiga kasia.

Alianza shule ya misheni Ngao mwaka 1961, akitembea kila asubuhi na nguo za shule zimefungwa kichwani maji yakiwa mengi, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967 akaongoza, akaenda sekondari Mombasa mwaka 1968 mpaka kidato cha sita mwaka 1973, na kila likizo akirudi alikuwa anakaa kwenye soko la Garsen anaandikia watu barua, Wapokomo, Waorma, Wagiriama, yeyote aliyekuja, akawa anajua nani anamdai nani mke, nani ameugua, nani amekasirikiwa na mkwewe, na alisema baadaye kwamba sheria aliisomea pale sokoni, chuo kikuu kilimpa tu joho. Aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974, akahitimu shahada ya sheria mwaka 1977, na akaapishwa kuwa wakili Ijumaa tarehe 12 Januari 1979, na mzee Bule aliposafiri mpaka Nairobi kumwona amevaa lile vazi jeusi alimuuliza, "Mwanangu, nani amekufa?"

Alifanya kazi katika ofisi ya mawakili Mombasa miaka mitano, kisha, wenzake wakimshangaa, Jumatatu tarehe 6 Februari 1984 akafungua ofisi yake Garsen, chumba kimoja kando ya fundi wa kuchomea vyuma, taipureta moja, meza moja, na wateja wakikaa juu ya magunia, na kwa kuwa kesi nyingi zilikuwa Hola na Garissa na siku hizo watu na magari walivuka mto kwa kivuko, faili zake alizifunga ndani ya mfuko wa mbolea usiopitisha maji, akatembea nao begani, mpaka karani mmoja wa mahakama akawa anamuuliza kila akiingia, "Wakili, leo umetuletea haki au umetuletea samadi?"

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982, kanisani Ngao, na mwalimu Dorkas, mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa Bule aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1984 akapewa jina la babu, wa pili ambaye alituacha mwaka 1990 akiwa bado mchanga, na Maurine aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2000 wakati wazazi walikuwa wameshakata tamaa, na mama yetu alifariki Jumatano tarehe 17 Agosti 2011, akazikwa hapa nyuma ya nyumba, mahali ambapo marehemu alikwenda kila Jumapili baada ya ibada na kiti chake cha kukunja, akamsomea magazeti ya wiki nzima, hata ya michezo, ingawa mama hakuwahi kupenda mpira. Ameacha pia wajukuu watano, mdogo wao akiwa Dorkas, mtoto wa Maurine na mumewe Mwaringa, ambaye ana miezi minne, ndiye huyo mnayemsikia.

Sasa tunafika mahali ambapo karatasi iliyochapwa imeruka, mtaona inatoka 1984 inaenda moja kwa moja hadi kwenye Seneti, na Maurine anaomba radhi kwa kaka yake na kwa kamati ya mazishi, anaomba radhi sana, lakini marehemu mwenyewe alisema pasirukwe.

Mwaka 1989 ulikuwa wa ukame. Wengi hapa mnajua malka ni nini, kwa wageni tuseme tu ni ile njia ambayo ng'ombe hupita katikati ya mashamba kushuka mtoni kunywa, na malka ya wakati huo ilipita katika shamba la ukoo wetu, upande wa juu, na wazee wetu wakachoka na mahindi kukanyagwa, wakamwendea kijana wao aliyekuwa wakili, wakamwambia, "Tumekusomesha kwa samaki na ndizi, sasa tufungie hii njia." Akaipeleka kesi mahakamani. Kesi ilikuwa dhaifu, alijua, kwa sababu Waorma walipita pale tangu kabla ya baba yake kuzaliwa, na hakimu alikuwa amesema atakuja kujionea mahali penyewe, na juma hilohilo akafariki mzee Maro, baba mdogo wa mzee Bule, na ndipo wakili akawaambia wazee wamzike mzee Maro katikati ya malka. Wakamzika. Wakapanda na majani juu, wakamwagilia, kwa muda wa wiki tatu kaburi likaonekana kama la siku nyingi, na hakimu alipokuja na viatu vyake vya mjini akaliona, akauliza, "Hapa mnazika watu?" na wazee wakajibu, "Hapa ni kwetu, tunalala hapa," na wakili wao, ambaye kazi yake ilikuwa kusema, akatazama mto, akanyamaza.

Walishinda. Amri ilitoka tarehe 29 Septemba 1989, ng'ombe wasipite, kwa kuwa hakuna ruhusa ya kuvusha mifugo juu ya makaburi ya watu, na marehemu alisema kijiji kilimbeba mabegani siku ile, na yeye akafurahi, hakuficha hilo, alisema, "Nilifurahi, Maurine, andika kwamba nilifurahi." Baada ya siku kumi na mbili mtu mmoja aliyeitwa Nuh, ndugu mdogo wa mzee Kotile aliyekaa pale mbele, akajaribu kuwanywesha ng'ombe wake mahali pengine, huko chini ambako ukingo ni mrefu na udongo wake unamomonyoka, na ukingo ukamwangukia, yeye na ng'ombe kumi na mmoja, na aliopolewa siku ya pili.

Na wiki ile kukawa hakulaliki hapa Hewani, wakubwa mnakumbuka, mazizi yalichomwa, maghala yalichomwa, watu walivuka kwenda Ngao na watoto migongoni, na wakili alikuwa Garsen ofisini, amejifungia na faili zake, wakati mlango ulipogongwa akaingia mama mmoja wa Orma, peke yake, amevaa nguo ya msiba, ndiye mama Asli, mjane wa Nuh, Mungu amrehemu naye, akasimama mbele ya meza, hakukubali kukaa, akasema, "Wakili, mimi sijui kusoma. Nataka kuona ile karatasi iliua bwana yangu." Marehemu akafungua faili, akamtolea amri, na mama Asli akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akagusa muhuri, akasema, "Ndogo hivi?" Kisha akairudisha mezani akaondoka, hakutukana, hakulia, na marehemu alisema angemtukana ingekuwa nafuu.

Kuanzia hapo watu wanajua, au wanadhani wanajua, kwa sababu kila mtu anasimulia kwa namna yake. Ukweli ni kwamba mwaka 1991, tarehe 8 Julai, baada ya kuhangaika na vibali kwa mwaka mzima na kukosana na nusu ya ukoo, marehemu alifukua mabaki ya mzee Maro akayazika upya makaburi ya kanisa, akiwepo yeye, mchungaji wa wakati huo, na mama yetu Dorkas akishika taa ya kandili mchana kweupe, kwa kuwa wazee walisema maiti hahamishwi bila taa, na hakuna hata mzee mmoja aliyekuja kuishika. Malka ya zamani tayari ilikuwa imelimwa na watu wengine, haikurudi, basi akakata nyingine katika shamba lake mwenyewe, hili hili tulilokaa sasa, kutoka barabarani mpaka mtoni, hatua ishirini na nne kwa upana, akang'oa migomba yake kwa mkono wake, na ndipo akapewa jina la Wakili wa Ng'ombe, na halikuwa jina la sifa, watoto wa shule walimlilia "mbuuu" akipita, na kaka yetu Bule alipigana darasani zaidi ya mara moja kwa ajili ya jina hilo, na hilo nalo lisemwe, kwamba Bule alilibeba jina ambalo hakulichagua.

Kila mwaka kiangazi kikianza marehemu na mzee Kotile waliipima malka pamoja, kwa miguu, tangu mwaka 1991 hadi mwaka jana, mzee Kotile ana miguu mirefu na marehemu alikuwa na mifupi, hatua ishirini na nne za mmoja hazikuwa za mwenzake, wakabishana kila mwaka kana kwamba ni mara ya kwanza, marehemu akisema, "Kotile, hizo ni hatua au unaruka?" na mzee Kotile akijibu, "Wewe ndiye unatembea kama bibi harusi," kisha wakachukua katikati, wakasimamisha vijiti, na muhindi wowote uliokutwa ndani ya vijiti waliung'oa pamoja wakauchoma wakaula hapo hapo, na ng'ombe yeyote aliyekutwa nje ya vijiti, mwenyewe aliitwa akaulizwa mbele ya watu wote. Ilikuwa hivyo tu, hakuna askari, hakuna mahakama. Wakati sehemu nyingine zilipochafuka, na zilichafuka mara nyingi, hapa hapakuchafuka.

Siasa alijaribu mara mbili akashindwa, mwaka 2007 na mwaka 2013, mara zote wapinzani wakilitumia lile jina, na mara ya tatu, kwenye mkutano sokoni Garsen, kundi la vijana likaanza kulia "mbuuu" alipopanda jukwaani, naye akachukua kipaza sauti akasema, "Huyo mmoja ametoa sauti ya ndama. Hakuna fahali hapa?" basi uwanja mzima ukacheka, na Jumanne tarehe 8 Agosti 2017 akachaguliwa kuwa Seneta, akahudumu mpaka mwaka 2022. Huko Nairobi alivaa suti ile ile ya kahawia ambayo mnaijua. Alipeleka hoja moja kubwa, kwamba malka zote za mto huu zipimwe, ziandikwe, zilindwe kama barabara zinavyolindwa, na mwenzake mmoja akasimama akamuuliza kama wametoka makwao kuja kuzungumzia njia za ng'ombe, marehemu akajibu, "Maziwa uliyotia kwenye chai asubuhi, mheshimiwa, hayakuja kwa lami." Hoja ilisikilizwa na maseneta tisa, ikaahirishwa, na muda wa bunge ukaisha ikiwa bado imeahirishwa. Alirudi nyumbani bila kinyongo, au kama kilikuwepo alikificha vizuri, hakugombea tena, akasema yeye malka moja inamtosha.

Kuugua kwake kulianza Jumapili tarehe 9 Machi 2025, asubuhi, akijiandaa kwenda kanisani, mkono wa kulia ukakataa kuingia kwenye shati, na Maurine aliyekuwa na mtoto wa wiki chache mgongoni akamwona anaucheka mkono wake mwenyewe, mdomo ukiwa umeenda upande, akapiga kelele, Mwaringa akaja mbio, wakamkimbiza hospitali ya Ngao, kisha akapelekwa Malindi kwa wiki mbili, kilikuwa kiharusi, na akarudi nyumbani tarehe 27 Machi akiwa anatembea kwa kushikwa, maneno yakitoka moja moja kama mtu anayeokota punje. Maurine ndiye aliyemlisha, mtoto huku kwa titi, baba huku kwa kijiko, siku nyingine wote wawili kwa wakati mmoja, na ndiye aliyejifunza kumsikia wakati wengine walisema hasikiki.

Jumanne tarehe 27 Mei 2025 alimwambia Maurine alete daftari. Akasema maneno, Maurine akaandika, marehemu akayasoma, akarekebisha nukta, naam, hata nukta, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa alikuwa wakili mpaka mwisho akataka mashahidi wawili ambao hawatapata kitu chochote katika mali yake, akaitwa muuguzi Bushra wa hospitalini ambaye alikuja kumpima presha, yeye ni mtu wa Kipini, hana ng'ombe, hana shamba, ana paka tu, na akaitwa Abdirizak, mwana wa Nuh na mama Asli, mfanyabiashara wa mifugo kule Madogo, ambaye kila akishuka huku alikuwa anapita kumjulia hali. Wote wawili wako hapa.

Mheshimiwa Elkana Pekeshe Bule aliaga dunia Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tisa na robo alasiri, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, akiwa amelala upande unaotazama dirisha.

Maurine alimpa kaka yake daftari jioni ile ile. Bule alilisoma lote, akalisoma tena, akasema, "Huu ni mwandiko wako, Maurine. Na shahidi ni mwenye ng'ombe. Unataka nisimame mbele ya ukoo niwaambie nini?" Naye alikuwa na sababu, isije ikaonekana hana, Februari mwaka huu ng'ombe waliacha njia wakaingia kwake wakala nusu ekari ya migomba kwa asubuhi moja, na mzee Kotile alikuwa mgonjwa na marehemu alikuwa ameanza kuchoka, hapakuwa na mtu wa kuwaita wenye mifugo wakaulizwa, na tangu hapo vijana wa pande zote mbili hawasalimiani, wanatembea makundi makundi, na wengine wanatembea na vitu mkononi ambavyo si vya shamba. Kamati ikaketi, ikasema seneta hazikwi uani kama mtu wa kawaida, azikwe mahali panapoonekana na wapita barabara, ijengwe saruji na uzio, na mahali palipochaguliwa, ambapo vijana wetu walichimba juzi, ni pale kwenye malka, katikati kabisa, kati ya vijiti. Maurine aliposema, "Kaka, pale hapana," akaambiwa, "Maurine, wewe soma tarehe, mambo ya ardhi utuachie."

Wageni wetu wa Orma mmekuwa mkipita pale tangu juzi, mmeliona shimo. Hakuna aliyeuliza kitu, na kwa hilo kutouliza Maurine hajalala sawasawa siku ya pili leo, kwa sababu nyumba yake na Mwaringa ndiyo ya kwanza ukitoka malka, hakuna nyumba mbele yake, na wiki chache zijazo ng'ombe watarudi kutoka bara wakiwa na kiu, na ng'ombe hajui saruji, atafika hapo na mchungaji wake nyuma yake, na huyo mchungaji atafanya nini, na vijana wetu watafanya nini, na mtoto wa miezi minne anakimbizwa vipi, anabebwa mbele au mgongoni? Amelifikiria jambo hilo mpaka ameshafunga nguo za mtoto kwenye kanga, ziko nyuma ya mlango. Anasema haya mbele yenu akiwa anaogopa, anaogopa kaka yake, anaogopa ukoo, anaogopa wale vijana waliosimama nyuma ya hema, lakini anaogopa shimo lile zaidi.

Basi haya ndiyo maneno ya marehemu, kama yalivyo kwenye daftari:

"Mimi Elkana Pekeshe Bule, nikiwa na akili zangu ingawa ulimi ni mzito, nasema hivi. Mwaka 1989 niliwafundisha watu wangu kufunga njia kwa maiti. Katika yote niliyowafundisha, hilo ndilo walilolishika. Najua mtataka kulitumia tena, na najua mtanitumia mimi, kwa sababu mimi ndiye maiti mkubwa mtakayempata kwa sasa. Nakataa. Mzee Maro hakuulizwa, mimi nimeulizwa, na nimejibu. Nizikwe kwa mke wangu, nyuma ya nyumba. Malka ibaki hatua ishirini na nne, na Bule aipime na Kotile, Kotile akishindwa aipime na Abdirizak, na migomba ya Bule iliyoliwa wenye ng'ombe waipande upya kwa mikono yao wenyewe. Bule mwanangu, uliniuliza ukiwa na miaka tisa kwa nini nilichagua ng'ombe wa watu nikakuacha upigane peke yako shuleni. Sikukujibu. Sikuwachagua ng'ombe. Nilikuwa nimemuua mtu kwa kunyamaza, na sikujua namna ya kumwambia hivyo mtoto wa miaka tisa. Haya yasomwe na Maurine kabla jeneza halijainuliwa, kwa maana likishainuliwa hakuna anayesikiliza. Tarehe 27 Mei 2025, Hewani."

Mwisho wa maneno yake. Abdirizak anasema, na ameruhusu lisemwe, kwamba miche hamsini ya migomba imeshakuja naye, iko kwenye gari. Na mnisikilize jamani, zile kelele za majembe mlizozisikia asubuhi wakati wa chai mkadhani ni watu wa jikoni wanachimba mafiga, ni Mwaringa na Abdirizak, wamechimba kaburi nyuma ya nyumba, ubavuni mwa mama, futi sita, limenyooka, limeshatandikwa, liko tayari. Anayetaka kumlaumu mtu amlaumu Maurine, ndiye aliyewaambia wachimbe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ngao na wa Malindi waliomhudumia marehemu, na hasa muuguzi Bushra aliyekuja hata siku zisizo zake, inawashukuru majirani wa Hewani na Ngao kwa kuni, maji na vyombo, inawashukuru akina mama wa kanisa ambao wamepika tangu Alhamisi ile, mawakili wenzake, waheshimiwa waliohudumu naye, wazee wa Orma walioleta mafahali wawili na wakachinja wenyewe ili sote tule sufuria moja, inamshukuru mzee Kotile ambaye daktari alimkataza kusafiri na bado amekuja, na inawashukuru vijana wa pande zote mliosimama huko nyuma, kwa kuviacha nyumbani mlivyoviacha, na kama yuko aliyekuja nacho, tunamshukuru kwa kuendelea kukiweka chini.

Na kwa kuwa shukrani hutolewa baada ya kazi, mtusamehe hii moja tukiitoa kabla. Familia inamshukuru kaka yetu mkubwa Bule Pekeshe, mwenyekiti wa kamati, ambaye hajalala tangu msiba uingie, ambaye ndiye atakayeshika jeneza mbele, bega la kulia, kama mtoto wa kwanza anavyostahili, na wengine watano wataelekea atakakoelekea yeye, kwa kuwa jeneza halina njia nyingine. Mkitoka hema hili, upande wa kulia njia inashuka mtoni, upande wa kushoto inazunguka nyumba. Asante, kaka yangu, kwa kupinda kushoto.

Baba, mama amelala hapo peke yake karibu miaka kumi na minne, nenda ukampe habari za wiki hii, na mpumzike wote wawili kwa amani.